Niache Niseme Kwamba Nitakufa

Mwende mwanangu,

Umetoka kwenda kisiwani Amu kunichukulia dawa, nami nimefunga kibanda mapema. Nimewaambia madereva wa malori ya bandarini kwamba leo wakatafute chai kwingine, na mmoja amenuna kama mtoto aliyenyimwa titi. Nimekaa hapa jikoni, mlango wazi, kuku wanaingia na kutoka watakavyo. Nakuandikia kwa sababu ukiwa mbele yangu huniachi nimalize. Kila nikianza, "Mwende, nikifa," wewe unaruka juu: "Mama! Ashindwe! Usikiri hayo!" Halafu unainuka kwenda kuosha vyombo ambavyo vilishaoshwa. Basi nimeona niandike. Karatasi haitanikatiza, na wewe ukishaanza kusoma najua hutaweza kuacha, maana umbea umeurithi kwangu.

Kwanza begi. Jana jioni nilijaribu kulisogeza, likanishinda kwa uzito. Leo nikifagia nimelisukuma kwa mguu likateleza mpaka ukutani. Nimelifungua, nimekuta leso moja na kiatu cha mguu wa kushoto. Nguo nyingine zote umezirudisha kabatini, tena umezificha nyuma ya blanketi, zimekunjwa vizuri kabisa. Ulidhani sitajua? Mimi nimekuzaa, nakujua hata unavyopumua ukidanganya. Ulipanga kesho tufike Mokowe, basi liwe limewasha injini, ndipo uniambie kwamba umeomba chuo cha uuguzi kule Kisumu wakungoje mpaka mwaka ujao. Au ulipanga usiseme, tuamke tu, ujifanye kichwa kinauma. Nimezirudisha zote begini, na kile kiatu kingine nimekitafuta mpaka nimekipata.

Sitakuandikia habari za kupika, za kufua, za wanaume wala za kuchagua marafiki. Hayo unayajua, na yale usiyoyajua utayajua kwa kuungua kidogo kama tulivyoungua sisi. Nina jambo moja tu, na nalisema wazi ili lisikuvizie mbele ya safari.

Mimi nitakufa, Mwende. Daktari wa Mombasa alituambia sote wawili, tumeketi bega kwa bega. Saratani imetoka kwenye titi, imefika kwenye ini. Alisema anaweza kunipunguzia maumivu na kuniongezea muda, lakini muda wenyewe hakuutaja, nami sikumuuliza. Wewe ulikuwa unaangalia kalenda ukutani. Tukiwa kwenye basi la kurudi ulinisimulia faida za juisi ya bitiruti mpaka tukafika Garsen, na mimi nikakubali kila kitu kwa sababu nilikuwa nimechoka na kwa sababu nakupenda. Lakini bitiruti ni bitiruti. Naipenda, nitaendelea kuinywa, na bado nitakufa.

Usiseme sina imani. Wiki jana wamama wa ushirika wa kanisani walikuja wakaniwekea mikono, nami nilisema amina kwa sauti mpaka kuku wakatoka nje. Naamini Mungu huponya. Nimeona. Lakini kuna jambo nililikosea mara moja katika maisha yangu, kosa kubwa, na wewe sasa unalirudia bila kujua. Siwezi kukaa kimya nikikuangalia.

Baba yako alipougua figo wewe ulikuwa shule ya bweni, kwa hiyo mengi hukuyaona. Tulimlaza kwenye kitanda cha dirishani ili aone simsim yake. Kila alasiri ushirika ulikuja, na tulikemea ugonjwa. Tulikemea mpaka sauti zikakauka. Tulikuwa tumefundishana kwamba mgonjwa akitaja kifo amekifungulia mlango, na mke akikubali kusikiliza amekipa kiti. Kwa hiyo mimi nilijigeuza askari wa pale mlangoni. Mtu akija na uso wa majonzi nilimrudisha. Baba yako mdogo alipiga simu akauliza, "Hali yake ni mbaya sana?" nikakata.

Mchana mmoja baba yako aliniita. Akasema, "Mama Mwende, keti." Nikaketi. Akasema, "Nataka nikwambie jambo. Nikiondoka..."

"Ashindwe!" nikasema. "Hakuna anayeondoka hapa. Utapona, na utawabeba wajukuu."

Akangoja. Baba yako alikuwa mtu wa kungoja, unamkumbuka. Halafu akaanza tena kwa upole, "Sikatai kupona. Lakini ikiwa..."

Nikaanza pambio. Mwende, nilimwimbia mume wangu pambio usoni ili asiseme. Niliimba nikipiga makofi. Nilipomaliza alikuwa ameshageuza uso dirishani. Akaniuliza kama mbuzi wamekunywa maji. Nikamwambia wamekunywa. Hakujaribu tena, na wiki haikuisha, akakata roho alfajiri nikiwa nje nachemsha maji ya kumwosha. Neno la mwisho la maana ambalo mume wangu aliniambia lilikuwa juu ya mbuzi.

Kilichofuata unakijua nusu yake. Baba yako mdogo Mutua alikuja kutoka Mwingi na wazee wawili, ikaundwa kamati, vikao vikawa kila jioni hapa uani: gari, hema, ratiba, nani atasoma wasifu. Mwili ulikaa mochari siku nyingi ukingoja watu wakubaliane. Wote walisema Musyoka atazikwa nyumbani, na nyumbani ilikuwa Mwingi, ingawa alitoka huko akiwa kijana na shamba hili la Kililana alilifyeka kwa panga lake mwenyewe lilipokuwa kichaka. Hakuna aliyeniuliza. Na wangeniuliza ningejibu nini? Aliyetaka kuniambia nilimnyamazisha kwa makofi.

Pale kaburini niliimba nyimbo za kuonana tena, sauti ya kwanza, mpaka watu wakanisifu. Ndani nilikuwa baridi kabisa. Imani yangu yote nilikuwa nimeiweka kwenye jambo moja, kwamba hatakufa, naye alikuwa amekufa na udongo ulikuwa unaingia. Nilikuwa nimemshikilia Mungu kwa ahadi ambayo hakunipa, na ile aliyonipa nilikuwa naiimba tu kwa mazoea ya kwaya.

Tuliporudi huku, jirani yetu Bwana Athmani alikuja kutupa pole na mkewe, wamebeba sufuria ya wali. Wewe ulikuwa umelala ndani. Aliketi pale nje kwenye mkeka, akaniuliza kwa Kiamu chake, "Mama Mwende, mbona mumempeka mbali hivyo? Mwenyewe alinambia ataka kuzikwa papa hapa, upande wa mikorosho."

Nikamwambia, "Alikwambia lini?"

"Alipokuwa kitandani. Nalikuya kumwona wewe ukiwa kibandani. Tukizungumza sana."

"Mkizungumza nini?"

Akatazama chini. Bwana Athmani si mtu wa kumumunya maneno, lakini siku ile aliyatafuta. "Mauti," akasema. "Nalimuuliza kama ana khofu. Akanambia hana. Akasema Masiya wake ametangulia, na ndia aiyua. Khofu yake ilikuwa wewe. Akasema, 'Mke wangu hanipi nafasi ya kumuaga.'"

Nilitaka ardhi ipasuke, mwanangu. Nilimshukuru kwa wali, nikaingia ndani, nikakaa sakafuni nyuma ya mlango. Niliona wivu, nakwambia ukweli. Maneno yangu, maneno ya mume wangu, alikuwa amepewa mtu mwingine, tena mtu wa dini nyingine, kwa sababu yeye aliketi akasikiliza. Kwa muda mrefu nilimkwepa Bwana Athmani. Nikimwona kwenye mpaka wa shamba, nageuka kama nimesahau kitu nyumbani.

Lakini jambo lile halikuniacha. Hawa majirani zetu wa Amu hawafichi kifo. Mtu akifa asubuhi, jioni amezikwa, na kesho yake wanakuuliza peupe umebaki na nini na unataka nini. Dini yetu na yao si moja, na mimi na Bwana Athmani hatujawahi kudanganyana juu ya hilo. Kila mmoja anajua mwenzake anaamini nini kuhusu Yesu. Lakini niliona aibu. Sisi ndio tuliojaa nyimbo za ufufuo, na hatuwezi kulitaja neno "kufa" mbele ya mgonjwa wetu. Nikajiuliza kama kweli naamini ninachokiimba, au naimba ili nisifikirie.

Jibu nililipata mahali nisipotarajia, nalo limenibeba mpaka leo. Unamkumbuka Susu Kavata wa kijiji cha Hindi, yule bibi aliyekuwa akikupa njugu kanisani wakati wa mahubiri ili usisinzie? Sote tulimwita Susu, yaani bibi kwa Kikamba, hata wasio Wakamba. Alipolala kitandani mara ya mwisho ushirika ulinituma nikakae naye, maana binti yake alikuwa amechoka. Nilifika, nikafunga leso kiunoni, nikaanza kama nilivyozoea: "Bwana, muinue mama huyu, muinue, tunakataa..." Susu akainua kidole kimoja.

"Wee," akasema, "niache. Kuinuliwa nimechoka. Nina miaka yangu. Keti, unisimulie habari za asubuhi ile."

"Asubuhi gani, Susu?"

"Ile wanawake walipokwenda kaburini. Macho yangu hayasomi tena. Nisimulie vizuri, usirukeruke."

Nikaketi. Nikasimulia, mwanzoni nikijionea haya, maana hiyo ni hadithi ya watoto wa shule ya Jumapili. Nikamwambia walivyodamka mapema na manukato yao, kwenda kupaka maiti, kwa sababu hakuna aliyekuwa na wazo lingine. Walijua amekufa. Walimwona akifa. Njiani walihangaika jiwe lile kubwa nani atawasukumia. Susu akaguna, "Wanawake! Sisi ni hao hao. Tunatoka kwanza, ndipo tunafikiria jiwe." Nikamwambia walikuta jiwe limeshaondolewa, mwili haupo, nguo za kuzikia zimebaki. Nikamwambia juu ya yule aliyebaki nyuma akilia, akamwona mtu akadhani ni mtunza shamba, mpaka yule mtu alipomwita.

"Alimwita nani?" Susu akauliza, ingawa alijua.

"Alimwita kwa jina lake."

"Kwa jina lake," akasema. Akafumba macho nikadhani amelala. Halafu akacheka, lile cheko lake la fizi tupu, akanishika mkono kwa nguvu ambazo sikujua anazo. "Basi niambie wewe, mama Mwende. Kama yeye alitoka, mimi nitashikwa humo na nani?"

Nilianza kulia mimi, mwuguzaji, na mgonjwa ndiye akanipigapiga mgongoni. Akaomba uji, akanywa vijiko vitatu, akasema una sukari kidogo. Alikufa kabla simsim haijavunwa, na binti yake alikuwa amemshika mkono, na walikuwa wameshaongea yote. Hata nani achukue kuku walikuwa wameshaongea.

Siku ile nilitembea kutoka Hindi nikilia barabara nzima. Malori yalipunguza mwendo, madereva wakaniuliza, "Mama, kuna shida?" nami nikawajibu hapana, nalia tu. Kilikuwa kilio changu cha kwanza tangu nimzike baba yako. Katika kusimulia nilikuwa nimesikia. Miaka yote ile nilikuwa nimeitoa habari ile kwa watu kama mtu anayegawa chakula bila yeye kuonja.

Basi nikwambie ninachoamini, kwa maneno yangu mwenyewe ya kibandani. Injili haikusema hatutakufa. Angalia hata ndugu yule wa Bethania ambaye Yesu alimtoa kaburini akiwa ameshaanza kunuka. Alirudi nyumbani, akala, akaishi, halafu siku moja akaugua tena na akafa tena, na dada zake wakalia tena kama hawajazoea. Uponyaji ni mzuri, lakini unasogeza siku tu. Yesu mwenyewe alikufa, kifo kibaya, mama yake akiwa amesimama pale anaangalia, na hakuna aliyemwambia mama yule anyamaze. Alikufa akibeba makosa yetu, na yangu yamo, hata lile la pambio. Akazikwa kama watu wanavyozikwa. Halafu akatoka, na hakutoka ili sisi tumpigie makofi tu. Alitoka akiwa wa kwanza, na wa kwanza maana yake kuna wanaofuata. Nami nimo kwenye huo msafara kwa sababu nimejishika kwake, na hata nikilegeza mkono kwa maumivu, yeye ndiye aliyenishika.

Hayo tu. Sina theolojia nyingine. Lakini hayo yananitosha nikiwa macho na maumivu yamekuja, na nimeyapima kwa namna ambayo sikuwahi kuipima ile ahadi ya kubuni.

Sikudanganyi kwamba siogopi kitu. Maumivu nayaogopa. Naogopa kuwa mzigo, kugeuzwa kitandani na watu ambao jana niliwauzia chapati. Nachukia kwamba sitakuona na vazi lako jeupe la uuguzi, na nikifikiria watoto wako ambao hawatajua sauti yangu, nakasirika, namwambia Mungu wazi kwamba hili silipendi. Yeye mwenyewe alilia kwenye kaburi la rafiki yake, na alijua anakwenda kumtoa. Kwa hiyo tutalia, Mwende. Utalia wewe, na usikubali mtu akwambie kulia ni kukosa imani. Ila hofu ile nyingine, ya kwamba nitazimika kama koroboi na hapo ndipo mwisho wangu, hiyo sina. Naitafuta wakati mwingine nione kama imejificha mahali, na siioni.

Najua ni nini kinakuzuia. Unaogopa nitakufa wewe uko Kisumu darasani, na maisha yako yote utajiuliza mbona hukuwepo. Sikiliza mtu aliyekuwepo. Mimi nilikuwa hapa. Nilimlisha baba yako, nilimgeuza, nililala chini ya kitanda chake, na siku ya mwisho nilikuwa nje ya ukuta tu na sufuria ya maji. Nilikuwepo siku zote na bado hatukuagana. Ukikaa hapa mwaka mzima unanikaangia mayai na kunifunga mdomo, utakuwa umekaa bure. Na ukinipa jioni moja ya kweli, leo hii, utaondoka ukiwa umebeba kila kitu changu.

Tena fikiria kazi unayokwenda kujifunza. Utakaa na watu wengi ambao ndugu zao hawataki kusikia. Watakushika mkono wewe, mgeni, watakwambia, "Sista, nikiondoka..." Ukiwaambia, "Usiseme hivyo, mzee, utapona," utakuwa umefanya nilichofanya mimi, kwa huruma ile ile. Vuta kiti. Mwulize, "Ukiondoka, nini?" Kisha unyamaze. Kama akikuuliza unaamini nini, mwambie habari za asubuhi ile, bila kumlazimisha na bila kurukaruka. Kujifunza huko kuanze na mimi.

Bwana Athmani ndiye aliyenishauri nikuandikie. Siku hizi simkwepi tena, ananijulia hali kila asubuhi akipita. Nilipomwambia ugonjwa umefika kwenye ini, hakusema neno la kunifariji haraka haraka. Alisema, "Pole sana. Na mtoto ayua?" Nikamwambia anajua ila hataki kusikia. Akasema, "Wewe naye hukutaka kusikia. Mwandikie." Nilicheka mpaka mbavu zikauma, maana ni kweli na hakuna mwingine angethubutu kuniambia.

Sasa habari ya kaburi, na usiruke ukurasa. Nataka kuzikwa hapa, upande wa mikorosho, pale baba yako alipopataka. Nizikeni upesi. Sitaki kuwekwa mochari nikingoja kamati ielewane juu ya hema. Nimeshampigia baba yako mdogo Mutua nimemwambia, na wanakwaya wawili walikuwa wanasikiliza ili asije akasema hakuambiwa. Alikasirika. Alisema mke huzikwa kando ya mumewe, na nitakuwa nimemwacha kaka yake peke yake Mwingi, watu watatucheka. Nimelifikiria sana hilo, maana nilimpenda Musyoka na kulala mbali naye si jambo dogo kwangu. Lakini nilimjibu Mutua hivi: siku ile tarumbeta ikilia, Musyoka ataamka Mwingi na mimi nitaamka Kililana, na Bwana mwenye kutuita kwa majina hatapata shida ya kutukutanisha. Mutua akasema, "Shemeji, wewe una kichwa kigumu." Nikamwambia ndiyo, na kitazikwa Kililana.

Kama nitazikwa wewe ukiwa katikati ya mtihani, fanya mtihani. Natoa ruhusa hiyo mimi mwenye maiti. Ukiweza kuja, njoo, usipoweza, usijiadhibu. Wenzangu wa ushirika watanivalisha. Wamama wa hapa watapika, na mke wa Bwana Athmani ameshanionya kwamba wali ni wake, asiingiliwe. Sitazikwa na wageni, na sitazikwa nikiwa na neno ambalo sikulisema.

Jua linashuka na wewe u karibu kuvuka kutoka Amu. Nitakupa karatasi hizi ukifika, ukae nazo chumbani, ulie unavyotaka. Halafu njoo jikoni. Nimechinja yule jogoo mkorofi. Tukishakula, keti, uniulize lolote. Niulize kama naumwa, niulize nilimpendea nini baba yako, niulize lile la shangazi yako ambalo siku zote nakwambia utalijua ukikua. Umekua. Na wewe uniambie yako, hata yale yaliyokukera kwangu, maana nayajua mawili matatu na ningependa kukuomba radhi nikiwa na akili zangu.

Kesho nitakuja na wewe mpaka Mokowe. Sitaki nyuso za matanga kwenye kituo cha basi, watu watadhani tumeibiwa. Usinikumbatie kama unanizika. Panda, ukae dirishani, na basi likianza kusogea uniite, useme tu, "Mama, tutaonana." Usiongeze kitu, wala usipunguze. Nami nitakujibu kwa sauti mbele ya makondakta na wapakizi wote, "Tutaonana, Mwende." Pengine itakuwa Desemba, hapa uani. Pengine itakuwa asubuhi ile nyingine. Lakini hakuna atakayekuwa amemdanganya mwenzake.

Mamako